Pale Plau Ilipokata Nyasi

Kila asubuhi Rozalie Vondra aliamka kabla jua halijapanda juu ya ghala la mahindi. Alikamua ng'ombe wawili wakati mama yake anakamua watano. Kisha aliokota mayai, akampa uji mdogo wake Vlasta aliyekuwa na miaka mitatu, akahakikisha bibi amepata kahawa yake ikiwa bado ya moto. Ndipo alipokimbilia shule.

Mwaka ule wa 1954 kazi moja zaidi iliongezeka. Kaka yake Josef aliitwa jeshini, na baba yao, Emil Vondra, alikuwa na mgongo mbovu uliomkatalia kukaa juu ya trekta zaidi ya saa moja. Kwa hiyo Rozalie, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekabidhiwa kulima shamba la mlimani kila jioni baada ya masomo.

Shamba lile lilikuwa na makinga maji matatu, yaani matuta marefu ya udongo yaliyokatiza mteremko. Mvua ikinyesha, matuta yaliyazuia maji yasishuke kwa fujo, yakayaongoza taratibu hadi kwenye mkondo wa nyasi. Mkondo huo ulikuwa mpana kama barabara, nao uliteremka kutoka juu kabisa hadi kijitoni. Hapo hapakulimwa kamwe. Maji yalipita juu ya nyasi, na mizizi ikaushika udongo usiondoke.

"Ukifika kwenye nyasi, vuta kamba, plau iinuke," baba alimwambia siku ya kwanza. "Ukishavuka, vuta tena, ishuke. Kila mara. Usije ukaniuliza kama ni lazima mara hii."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Babu yake Rozalie alikuwa akilima kutoka juu kwenda chini, mistari iliyonyooka kama rula, na watu wakamsifu. Lakini mvua ilifuata mistari hiyo hiyo. Ilichimba korongo ambalo ng'ombe wao mmoja alitumbukia asionekane hata pembe. Emil aliporithi shamba, alimwita mtaalamu wa udongo wa wilaya, akaanza kulima kwa kuzunguka mlima. Jumapili, nje ya kanisa, wanaume walimuuliza kama hunywa kabla ya kupanda trekta au baada ya kushuka. Aliwaacha wacheke. Ilimchukua miaka saba kuliziba korongo lile na kuziotesha nyasi zile.

Rozalie aliyajua yote hayo. Lakini Alhamisi moja mwezi wa Mei, mtoto wa jirani yao, Bohus Hruska, alimsubiri kwenye ngazi za shule.

"Sisi tumemaliza kulima," Bohus alisema kwa sauti, wenzake wasikie. "Jana nimeiona trekta yenu. Inakwenda kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Rozalie alimjibu kwamba ilimbidi ainue plau kila akivuka mkondo.

"Sema tu mkono wako hauna nguvu. Si wampe bibi yako aendeshe?"

Watoto wakacheka. Rozalie alihisi masikio yake yanawaka moto. Alikwenda nyumbani bila kumsubiri mtu, akapanda trekta bila hata kula.

Kamba ilikuwa ngumu na kiganja chake kilikuwa kimeshatoka malengelenge. Alipofika kwenye nyasi mara ya kwanza, aliishika kamba, kisha akaiachia. Trekta ilinguruma kidogo, ikapita na plau yake chini. Hakuna kilichotokea. Aliporudi alifanya hivyo hivyo. Alivuka mara tano, na kazi ilikwenda haraka ajabu.

Kisha akageuka nyuma kuangalia.

Mifereji mitano myeusi ilikuwa imepasua nyasi za kijani. Ilitoka kwenye mkondo, ikanyooka hadi kwenye uzio ulioko juu ya ua wa nyumba yao. Rozalie alizima trekta, akapiga magoti na kuanza kuyarudisha mapande ya nyasi kwa mikono, akiyakanyaga kwa viatu. Yalikaa, lakini yalikaa kama kofia juu ya kichwa, bila kushikwa na kitu chochote. Kwa bahati tuta la chini lilipaficha mahali pale, mtu aliye nyumbani asiweze kupaona.

Wakati wa chakula cha jioni baba alimuuliza kama kamba ilimsumbua.

"Hapana, baba."

"Uliinua kila mara?"

"Kila mara."

Baba aliegemea kiti, akamwambia mama, "Mpe fundi wangu nyama nyingine." Mama akamwongezea nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachushwa. Rozalie aliitafuna nyama ile hadi ikawa kama kamba mdomoni, akashindwa kuimeza.

Ijumaa ilipita. Mara mbili alimkaribia baba yake zizini, na mara zote mbili akaomba ndoo.

Jumamosi kulikuwa na joto la kunata. Mchana upepo ulikufa ghafla. Mabata bukini wa bibi, ambao hawakujua kunyamaza, walijibanza chini ya gari bila sauti. Upande wa magharibi mbingu zilikuwa na rangi ya kijani iliyochafuka, kama maji ya bwawa. Baba alisimama uani akatazama kwa muda usiozidi kuvuta pumzi mbili.

"Handakini," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Kila shamba pale lilikuwa na handaki la kujikinga na kimbunga. La kwao lilichimbwa kwenye ukingo chini ya uzio wa shamba la mlimani. Milango yake miwili ya mbao ililala karibu sawa na ardhi, na ngazi saba ziliteremka hadi kwenye chumba chenye viazi na mitungi ya matunda.

Rozalie alikuwa amembeba Vlasta. Alipofika mlangoni aliinua macho akauona uzio, na hapo ndipo alipoelewa. Mifereji yake mitano iliishia pale pale, juu ya vichwa vyao.

"Baba, twende ndani ya nyumba," alisema.

"Nyumba inaweza kuondoka na upepo. Shuka."

"Lakini, baba..."

"Rozalie. Shuka."

Akashuka. Baba alifunga milango kwa ndani, mama akawasha taa. Bibi alikaa juu ya kreti akaanza kusali kwa sauti ya chini. Kwanza ilikuja mvua ya mawe, ikipiga mbao kama mtu anayemwaga mahindi kwenye bati. Halafu ukaja mngurumo, mkubwa kama treni ya mizigo inayopita juu ya paa. Mbao zilitetemeka. Vumbi liliwadondokea. Vlasta alilia hadi pumzi zikamkatika, na Rozalie alimkumbatia huku meno yake mwenyewe yakigongana.

Mngurumo ukapita. Mvua ikabaki, nzito, bila kupumzika. Mama aliuliza kama wangeweza kutoka, na baba akasema wasubiri, kwa maana mara nyingi kimbunga cha kwanza hufuatwa na cha pili. Vlasta alikuwa amechoka kulia. Mama alimlaza kwenye gunia la viazi, sakafuni.

"Na mvua hii?" mama aliuliza.

"Hiyo haituhusu," baba alisema. "Mkondo unayabeba maji yote hadi kijitoni. Ndiyo maana niliupanda."

Rozalie alisikia maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu. Alikodolea macho ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza palitokea uzi mwembamba wa maji. Ukashuka ya pili, ya tatu. Baba aliuona pia, akasema ni mvua inayopenya kwenye milango. Lakini maji ya mvua huwa meupe. Yale yalikuwa meusi, mazito, na ndani yake mlikuwa na kipande cha mzizi wa nyasi.

Rozalie aliwaza jinsi uso wa baba utakavyobadilika. Akasikia kama bado kuna nafasi, kwamba pengine mvua itakatika, maji yatakauka, na hakuna atakayejua kamwe. Uzi wa maji ukawa mpana kama kiganja. Ulifika sakafuni, ukakizunguka kiatu cha bibi, ukaelekea kwenye gunia alilolalia Vlasta.

"Hayo si maji ya mlangoni," Rozalie alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, hata bibi akaacha kusali. "Yanatoka shambani. Sikuinua plau, baba. Mara tano. Nilikata mkondo, na mifereji inakuja huku."

Alifumba macho akisubiri kofi, au sauti ya baba ambayo aliiogopa kuliko kofi.

"Inaishia wapi?" baba aliuliza.

"Kwenye uzio. Juu yetu."

Baba hakuuliza la pili. Alimnyanyua Vlasta, akamweka mikononi mwa mama, akapanda ngazi na kuusukuma mlango kwa bega. Haukufunguka. Matope yalikuwa yameulalia. Aligeuka akauweka mgongo wake, ule mgongo mbovu, akasukuma hadi mishipa ikamsimama shingoni. Mlango ulipanda upana wa kidole, na maji baridi yakamwagika ndani hadi yakaifikia taa iliyokuwa chini. Taa ikazimika.

Gizani Rozalie alipapasa hadi akampata baba, akaweka mabega yake kando ya yake. Mama naye akaja, Vlasta akiwa amening'inia shingoni mwake. Maji yalikuwa yamewafika magotini.

"Nipisheni na mimi," bibi alisema kutoka nyuma. "Nimewahi kusukuma ng'ombe wabishi kuliko huu mlango."

Wakasukuma pamoja. Matope yalitoa sauti ya kufyonza, mlango ukanyanyuka, na mwanga wa kijivu ukaingia. Walitoka wakitambaa, mmoja akimvuta mwingine, kupitia maji yaliyokuwa yakiteremka kwa kasi kutoka kwenye uzio. Walifika kwenye baraza ya jikoni, wakageuka. Ukingo uliokuwa juu ya handaki ulilegea, ukateleza, ukafunika ngazi zote saba. Haikuchukua muda wa kuhesabu hadi kumi.

Mama alikaa sakafuni, akawa anamshikashika Vlasta kichwa, mikono na miguu, kana kwamba anahesabu kama amekamilika. Rozalie alitapika kwenye ndoo.

Radi zilipokwenda mbali, baba alimwita. Alibeba makoleo mawili, akapakia marobota ya nyasi kavu kwenye kigari cha mkono. Alimwambia wakichelewa, maji yatazidi kuchimba hadi yalivunje tuta la chini, kisha la kati, na hapo shamba zima litateremka. Hakupandisha sauti. "Nionyeshe," alisema tu.

Rozalie alimwonyesha, mfereji mmoja baada ya mwingine, hata wa tano ambao baba asingeuona kwa sababu ulikuwa umejaa maji. Waliziba kila mmoja kwa robota, wakalikandamiza kwa udongo na mawe. Rozalie alisimama ndani ya maji akiyashikilia marobota kwa kifua wakati baba anachota udongo. Aliogopa kwamba maji yangemwangusha. Polepole yalianza kusita, yakazunguka, yakarudi kwenye nyasi. Jioni mvua ilipokatika, matuta yote matatu yalikuwa bado yamesimama.

Jumatatu jirani yao, Bwana Hruska, alikuja na Bohus na farasi wawili kusaidia kufukua handaki. Bwana Hruska alilitazama lile rundo la matope, akamuuliza Emil mbona mkondo wake maarufu umemwangusha. Baba alimtazama Rozalie tu.

"Haukumwangusha," Rozalie alisema. Alimtazama Bohus, kisha ardhi, kisha Bohus tena. "Mimi niliukata kwa plau, nikasema sikuukata."

Bohus alikuwa amefungua mdomo kusema kitu. Akaufunga, akachukua koleo.

Wiki mbili zilizofuata Rozalie alikata mapande ya nyasi malishoni, akayabeba kwa kigari hadi mlimani na kuyapanga kwenye makovu ya mkondo. Siku ya mwisho baba alipanda kuja kumwangalia, akitembea taratibu huku ameshika kiuno. Alikaa juu ya tuta.

"Uliogopa kuniambia," alisema.

"Niliogopa sana."

"Kukata nyasi ni kosa la siku moja. Mimi mwenyewe niliwahi kulifanya, mwaka wa kwanza, nikiwa na haraka. Koleo na jasho vinalimaliza. Lakini Jumamosi ile niliwaingiza mama yako, bibi yako na Vlasta ndani ya shimo kwa sababu uliniambia mkondo ni mzima. Sikuwa na sababu nyingine. Kila ninachopanga hapa nyumbani, nakipanga kwa yale mnayoniambia."

Rozalie alifuta machozi kwa mkono wenye udongo.

"Nilidhani utanikasirikia."

"Ningekasirika. Ningepiga kelele hadi mabata wakimbie. Kisha tungechukua makoleo Alhamisi ile ile, kukiwa kukavu." Baba alinyoosha mkono ili Rozalie amsaidie kusimama. "Uniogope ukitaka, mwanangu. Lakini uniogope ukiwa umeshaniambia."

Rozalie alimshika mkono akamwinua. Kisha alichukua ndoo, akateremka kijitoni kuchota maji ya kumwagilia nyasi mpya.