Sindano za Pitchou Zilivyotunyima Mtoto

Nilisukuma mlango wa bafu nikamkuta mume wangu ameshusha suruali… sindano imezama pajani!

"Pitchou! Unajidunga madawa?!"

"Funga mlango, Gaëlle!"

"Nifunge niende wapi? Mimi si mkeo?"

Alivuta taulo, lakini nilishaona. Jamani, naandika kwa aibu… korodani zake zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama za mtoto!

Kumbe ndiyo maana mwaka mzima alinigeuzia mgongo. Niliamini ana mwingine. Hapa Malvern, ugenini, sina mama, sina dada wa kumwambia. Nilisuka wateja saluni huku nikimeza machozi.

Na kanisani? Mama Victoire, kiongozi wa maombi, alinishika tumbo lisiloshika mimba mbele za watu.

"Funguka! Binti yangu, ungama ulichofanya kule kwetu Bukavu, tumbo likafungwa!"

Sikuwa na cha kuungama. Na Pitchou ndiye aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote!

Sasa pale bafuni Pitchou, lile baunsa la klabu ya Sandton, alikaa sakafuni, akalia.

"Nilianza ili nipate kifua kipana. Ni homoni ya kiume. Wenzangu wote wanachoma."

"Na mtoto wetu je?"

"Ndiyo nikaongeza dozi, chérie, mpenzi wangu… Nilidhani homoni ikizidi, nguvu zitarudi na utashika mimba."

Eish!

Kwenye kliniki, Daktari Jelimo alimpima. Hakucheka.

"Bwana, homoni ikiingizwa kutoka nje, ubongo unaziambia korodani zipumzike. Zinasinyaa, zinalainika, mbegu zinakauka. Kila sindano ya kumtafuta mtoto ilikuwa inamfukuza."

Pitchou aliinamisha kichwa. "Zitarudi?"

"Mara nyingi hurudi, baada ya miezi mingi. Si kwa wote. Acha sindano, ila chini ya uangalizi wangu."

Kaka zangu, korodani zikipungua au kulainika, msijitibu kwa siri. Huenda ni homoni za jimu, pombe, mishipa ya korodani iliyovimba, au matubwitubwi yaliyoshuka huko. Na zikiuma ghafla, hospitali saa hiyo hiyo!

Nanyi dada, msikubali kubeba lawama peke yenu. Mwambieni naye apimwe.

Kumbe tulilala kitanda kimoja, kila mtu na upweke wake, tukimlilia mtoto yule yule.

Juzi, miezi kadhaa tangu aache sindano, alipimwa tena. Mbegu bado hazijaonekana.

Alikuja mpaka saluni, akasimama mlangoni na mwili wake unaopungua, akaniambia kabla sijauliza.

"Bado, chérie."

Nikamsogezea kiti.