Diski ya Pili

Mchana ule wa Same, jua likiwa limekausha hata mate mdomoni, kisanduku cha kuhifadhia mafaili kilianza kunuka udongo mbichi. Irine aliinama chini ya runinga, akakinusa. Taa zake mbili, moja kwa kila diski, zilikuwa zinawaka na kuzima kwa kasi.

"Loth, unahamisha nini?"

"Sihamishi kitu." Mumewe alikuwa kwenye kochi, ndiyo kwanza anarudi kutoka Gonja. "Labda simu imekamata waifai. Inahamishia picha humo yenyewe, na kuzifuta kwenye simu."

"Picha gani?"

Akacheka kidogo. "Za kule kwa babu. Kwenye mwamba."

Chini ya mwamba ule ukoo wa Loth ulikuwa umepanga mafuvu ya wazee ndani ya vyungu, na hakuna aliyewasogelea bila mbuzi na pombe ya dengelua.

"Uliwaomba?"

"Mama Hana, ni picha tu. Kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Moja ikifa, nyingine ipo."

Ndani ya kisanduku kitu kikasaga, kama jino juu ya mfupa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Loth kikakunjwa kwenda nyuma, polepole, hadi kikavunjika. Alipiga yowe. Taa ya kwanza ikatulia. Ya pili ikawaka, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjwa vilevile.

Irine alichomoa waya wa umeme. Taa hazikuzimika.

Shangazi Agatha, dada wa baba yake Loth, alipoingia mbio kutoka nyumba ya jirani, Loth alikuwa amebanwa ukutani na kitu wasichokiona, miguu haigusi sakafu, sikio la kushoto limeng'oka na la kulia linavutwa, linanyooka, linachanika kidogo kidogo, damu inaloanisha kola ya shati, na harufu ya udongo imekuwa nzito kiasi kwamba Irine alihisi punje zake zikisagika kati ya meno, na ndani ya harufu hiyo watu walikuwa wanapumua, wengi, kwa pamoja, usawa wa shingo yake.

"Shi... shikamoo, shangazi," Irine aliamkia.

"Marahaba ya nini saa hizi! Huu ni udongo wa mwambani! Kawapiga picha wazee?"

"Ndiyo."

"Mjinga huyu. Mikono mitupu?" Akatazama taa za kisanduku, akashusha sauti. "Kila mzee ana mahali pamoja tu pa kukaa. Yeye anawagawa kama peremende. Vunja hicho kidude, na vyote vilivyomo."

"Hana yumo," Loth alikoroma, damu ikimtoka mdomoni. "Mama Hana, usi..."

Picha na sauti za binti yao, waliyemzika kabla hajaanza shule, hazikuwa mahali pengine popote.

"Mtoto ameshakwenda, mwanangu," shangazi alinong'ona. "Huyu bado. Haraka!"

Irine alipiga magoti, akawapa mgongo, akafungua kisanduku. Diski zilimuunguza viganja. Moja aliiweka sakafuni. Nyingine aliisokomeza ndani ya kanga, tumboni.

Shangazi alishika mchi wa kinu. Alipiga huku akiwaita wazee kwa Chasu, lugha ya kwao, jina kwa jina, akiwaahidi mbuzi, hadi diski ikawa vipande. Loth akaporomoka. Pumzi zile zikakatika.

"Lete kitambaa safi!" shangazi aliagiza, akikandamiza majeraha.

Irine aliingia chumbani, akafunga mlango. Akaitoa diski, akaibana kifuani. Hana alikuwa mle, akicheka, akiita mama, akikataa uji.

Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kikaanza kuinuka.

Alijaza kanga mdomoni. Kidole kikapinda, kikapinda zaidi, kikalia kama kijiti kikavu. Akatazama mkono wa kulia, akisubiri. Haukuguswa. Sasa ilikuwa imebaki diski moja tu.

Mlango wa chumba ukagongwa.

"Irine," shangazi aliuliza kwa sauti ya chini, "umevitoa vyote?"

Akachomoa kanga mdomoni, huku kidole cha pili kikianza kuinuka.

"Vyote, shangazi."