Aliyekohoa Pichani

Yalimkuta rafiki yangu, msafisha picha wa idara ya nyaraka, mtu asiyejua kutunga uongo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kusafisha picha kutoka negativu ya zamani: wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, siku kilipofunguliwa. Mmoja wao alikuwa marehemu baba yake. Alikohoa pale pale mpiga picha alipofyatua, uso ukatoka ukungu mtupu. Na picha nyingine hakuacha.

“Jaribu tu, mwanangu,” mama alimsihi asubuhi. “Sura yake imeanza kunitoka.”

Akajifungia kwenye chumba cha giza, akaizamisha karatasi kwenye dawa. Bomba lilikuwa likidondoka, to, to, to. Mara nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kile kile kikavu, kilichoinyima nyumba nzima usingizi mpaka kikamtwaa mzee.

“Pole, baba,” akajibu kwa mazoea, kabla hata hajashtuka.

Kikohozi kikakatika.

Alipomaliza kazi akawasha taa. Uso wa baba ulikuwa wazi kabisa katikati ya wenzake wanaocheka. Macho kayafumba. Kidevu kimefungwa kitambaa cheupe, kwa fundo lile lile alilolifunga mama siku ile baba alipokata roho.