Chai ya Mgombea

Soko la Kibondo lilikuwa limefurika asubuhi ile, na Esteri alikuwa ameinamia mzigo wa kuni akichagua zilizokauka, aliposikia sauti ya mwanamume ikimsalimu kwa Kiha nyuma yake.

"Mwakeye, dada. Kuni hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka mtini," akajibu bila kugeuka.

Wauza kuni wakaangua kicheko. Esteri alipogeuka, akaona kijana mrefu mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikapigika, na soksi zilizovutwa hadi magotini.

"Nauliza kwa kuwa huu ni mkuyu wa pale chemchemini. Mikuyu ile ikiisha, maji ya chai utayachota wapi?"

"Kumbe! Na wewe ni nani, mjomba wake mkuyu?"

"Naitwa Ildefonsi. Bwana misitu mpya."

"Basi, bwana misitu, mimi nina hoteli pale stendi. Niletee kuni zisizo na ukoo, nami nitakupa chai."

Alikuwa anamtania, lakini jioni yake kijana akatokea na mzigo wa matawi makavu kwenye baiskeli. Akanywa chai, akaomba sukari zaidi, akaanza kuongea. Watu walikuwa wanahamia vijiji vipya, alisema, kila mmoja anataka nguzo na kuni, na mti ulio karibu ni ule wa chemchemini. Maji yakikauka atakayetembea mbali na mtungi kichwani ni mwanamke. Kilichomkera zaidi ni wajane kunyang'anywa mashamba na ndugu wa marehemu. Mama yake Esteri alikuwa amefanyiwa hivyohivyo, na Esteri alisikiliza mpaka akasahau vyombo. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kimbiza wachumba kadhaa. Huyu alizidi kurudi, naye akaanza kuvaa kitenge chake cha maua mekundu hata siku za kazi.

Mwaka huo, sabini na tano, ulikuwa wa uchaguzi. Ildefonsi akaomba ubunge bila kumpigia magoti mkubwa yeyote, na chama kikapitisha majina mawili: Stanislaus, mwenye alama ya Jembe, na yeye, mwenye alama ya Nyumba. Kanuni ilikuwa kali. Wagombea walisafiri katika Landrova moja, walihutubia jukwaa moja, na aliyewalisha au kuwanywesha wapiga kura alifutwa.

Esteri hakuijua kanuni hiyo. Siku ya mkutano wa Kibondo alisimama na birika lake akimsikiliza mpenzi wake akitetea chemchemi na wajane, na moyo ukamjaa. Akatoka hotelini na chai yote na karai la mandazi, akawagawia watu bure.

"Hongo hiyo!" mtu akapaza sauti.

Msimamizi wa kampeni akasimama. "Ndugu mgombea, unamfahamu mwanamke huyu?"

Ildefonsi akamtazama Esteri, akamtazama msimamizi.

"Simfahamu."

Esteri akaokota karai lake. Kesho yake akafunga hoteli, akapanda lori kwenda Kasulu kwa mama yake mdogo aliyeuza vitenge jirani na posta. Huko ndiko alikoitwa siku moja kupokea simu.

"Esteri, mpenzi, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Ildefonsi wako."

"Simfahamu."

"Wangefuta jina langu, laazizi. Nani angewasemea wale wajane?"

"Ungesema ukweli, kwamba chai ni yangu na hukunituma. Wewe unayeweza kueleza mizizi ya mkuyu saa nzima, siku hiyo ulikosa sentensi moja?"

Waya ukakoroma. "Niliogopa," akasema taratibu. "Jumamosi tuko Mabamba, mkutano wa mwisho. Njoo."

"Kufanya nini? Kukanwa tena?"

Akaweka simu, akaenda kulia katikati ya majora ya vitenge. Alimpenda na alimkasirikia, vyote kwa wakati mmoja. Mama yake mdogo alimwacha alie, kisha akamwambia, "Sasa nawa uso. Lori la Mabamba huondoka mapema."

Jumamosi alifika mkutano umeanza, akajibanza nyuma ya watu, kitenge cha maua mekundu kikiwa kimekolea vumbi la njia nzima. Stanislaus alikuwa anamaliza. Ildefonsi akainuka, akavua kofia.

"Ndugu zangu, leo sianzi na miti. Kule Kibondo niliulizwa kama namfahamu mama wa chai, nikasema simfahamu. Nilidanganya. Anaitwa Esteri. Nilikuwa nakunywa chai yake kila jioni, na nampenda. Kama nimemkana yeye aliyesimama mbele yangu, nyinyi nitawasemeaje huko mbali? Mwenye kunifuta na anifute, lakini ukweli ni huo."

Uwanja ukavuma. Msimamizi akauliza kwa ukali, "Ulimtuma agawe chai?"

"Hakunituma!" Esteri akaita kutoka nyuma, akisukuma watu kupita. "Sukari yangu, majani yangu, na upumbavu wangu! Yeye alikuwa bado anaongea tu, kama kawaida yake."

Watu wakacheka mpaka msimamizi naye akashindwa kujizuia. Jina halikufutwa. Lakini kura zilipohesabiwa, Jembe lilishinda.

Siku chache baadaye, hoteli ikiwa imefunguliwa tena na stendi imejaa abiria, Ildefonsi akaegemeza baiskeli mlangoni kwa Esteri. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga vipande vibichi vya mkuyu, vya kupandikiza.

"Karibu, mteja," Esteri akasema, uso mkavu. "Sukari kiasi gani?"

"Unajua kiasi gani."

"Nitajuaje? Na miti hiyo?"

"Hii mirefu ni ya chemchemini. Kushindwa hakujanizuia kupanda."

"Na hii mingine?"

"Ya kuzungushia ua."

Kule kwao, anayepanda ua wa mikuyu anaanza boma lake. Esteri akashika birika kwa mikono miwili.

"Ua wa nani?"

"Wetu, ukikubali. Na shamba la ndani yake liandikwe jina lako pia. Wazee wangu wako tayari kwenda kwa mama yako."

Abiria wakaacha kutafuna. Esteri akamimina chai, akatia sukari, akakoroga, akatia tena. Kisha akawageukia wote.

"Jamani, mtu huyu namfahamu," akasema, na machozi yakamtoka akicheka.