Kijia cha Wachimba Ming'oko

Kila Jumamosi, masika yakishakatika, Ziada na bibi yake huingia msituni kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Ziada yuko darasa la sita. Wanaishi kijiji kimoja karibu na Chiwata, na kijiji kizima kinamjua kwa mdomo wake usiopumzika. Bibi Stamili naye hashindwi kumjibu.

"Mke mwenzangu, leo umekuja kuchimba au kuhutubia?" bibi humuuliza, na wote wawili hucheka.

Msitu ule ni mali ya kijiji. Una barabara moja tu ya vumbi, inayozunguka kilima na kutokea shuleni, na mbele zaidi inakwenda Masasi. Pikipiki zinaruhusiwa kupita hiyo peke yake. Katikati ya msitu kuna kijia chembamba cha miguu, ambacho wanawake hukifuata wakitafuta majani ya mng'oko yanayotambaa juu ya vichaka. Ukiyaona unachimba, unatoa viazi vyake vyembamba, kisha unakirudisha kichwa cha mmea shimoni na kufukia ili mwakani uote tena. Ming'oko ikichemshwa kwa chumvi, hakuna mtoto wa huku anayekumbuka mkate.

Bibi Stamili akimaliza kufukia hupigapiga udongo kwa kiganja na kusema, "Asante."

"Bibi, unamwambia nani?" Ziada aliuliza siku moja.

"Aliyenilisha. Kwani wewe ukila kwa watu huwa husemi asante?"

Jumatatu iliyofuata Ziada alichelewa kuamka. Alitoka mbio, mkoba ukimpigapiga mgongoni, akamkuta mjomba wake Yunusi, mdogo wa mama yake, akiifuta pikipiki yake mpya.

"Shikamoo, Mjomba. Nipeleke shule, nimechelewa!"

"Marahaba. Jogoo wenu kafa?" Yunusi alitania, lakini akawasha pikipiki.

Walipofika msituni Ziada alimgusa bega. "Tukizunguka na barabara sitawahi. Kata hapa kushoto. Kijia hiki kinatokea nyuma ya shule, mimi nakijua."

Yunusi alisita. "Hapa si njia ya pikipiki, mpwa wangu."

"Mara moja tu, Mjomba. Nani atajua?"

Yunusi hajawahi kujua kumkatalia mpwa wake. Waliingia, matawi yakivunjika huku na huku, na Ziada akafika shuleni kabla ya kengele. Siku nzima alijiona mjanja sana.

Lakini alama ya tairi haifichiki. Vijana wengine wa bodaboda waliiona, wakaifuata, nao wakafuatwa na wengine. Mwezi haukwisha, kijia kikawa njia pana, ngumu, isiyo na jani. Jumamosi moja Bibi Stamili alisimama pale na kikapu chake asiamini macho yake. Aliinama akaokota shina la mng'oko lililosagwa.

"Hapa ndipo nilipopata cha kumlisha mama yako mwaka wa njaa," alisema taratibu.

Siku hiyo hakutania. Ziada alijua tairi la kwanza lilikuwa la nani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha moto.

Bibi alipata mmea mmoja uliobaki ukingoni mwa njia, akapiga magoti kuchimba. Ndipo mlio wa pikipiki ukasikika, nayo ikachomoza ghafla kwenye kona. Alikuwa Fortunatus, kijana wa jirani, amepakia gunia la mahindi, anakimbia.

"Bibi!" Ziada alipiga kelele, akamvuta mkono kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote wawili. Fortunatus akakata kona, akavaa kichaka, pikipiki upande huu na yeye upande ule. Kikapu cha bibi kilikuwa kimesagwa.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe sana," Fortunatus alisema akiwa bado chini, goti likivuja damu.

"Marahaba. Inuka kwanza, ndipo uamkie," bibi alimjibu. Aliifungua kanga yake ya juu akamfunga goti.

Jioni ile watu walikusanyika ofisi ya kijiji. Mama Getrude, mwenyekiti wa kamati ya msitu, hakuwa na utani.

"Leo tumenusurika kuzika. Kuanzia kesho msitu unafungwa, pamoja na barabara. Haipiti pikipiki, haingii mchimbaji, mpaka tumjue aliyefungua njia ile."

Watu waliguna. Wagonjwa wangefikaje hospitali? Na Bibi Stamili angekula nini miezi ya njaa? Ziada alimtazama bibi yake, kakaa na mikono mitupu mapajani. Hapo hakuweza kuvumilia tena. Alisimama.

"Shikamooni. Ni mimi. Nilichelewa shule, nikamwonyesha Mjomba kijia. Yeye alikataa, mimi nikambembeleza."

Yunusi naye aliinuka. "Mtoto alionyesha tu. Usukani niliushika mimi. Nisameheni, jamani, lakini sasa tutafanyaje? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji hayazoleki," Bibi Stamili alidakia, "lakini udongo unazoleka. Leteni majembe!"

Watu wakacheka, hata Mama Getrude. Akawapa vijana nafasi moja waitengeneze ardhi waliyoiharibu.

Jumamosi iliyofuata vijana wa bodaboda waliziba njia ile kwa miiba huku na huku, wakailima ardhi iliyoshindiliwa mpaka ikalainika. Wanawake walileta vichwa vya ming'oko kutoka ndani ya msitu, na Fortunatus, goti likiwa bado na kanga, akavipanda kimoja kimoja. Wakaahidiana mbele ya kamati: barabara ni ile ile moja, mwendo ni wa polepole, ukimkuta mtu kwa miguu unasimama apite, na mvua ikinyesha unangoja njia ikauke. Msitu haukufungwa. Ziada alilia kwa furaha, wala hakuficha.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja kabla ya shule, Ziada na bibi yake walikwenda kutazama. Palepale palipopita matairi, majani mabichi yalikuwa yameanza kutambaa.

"Bibi, asante kwa kutonichukia," Ziada alisema.

"Nikuchukie, na wewe ndiye uliyenivuta mkono? Tena ukasema kweli mbele za watu, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi." Bibi alimshika bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Msitu huu unatulisha na unatupa njia, nao ni wa wote. Shukrani ya mdomo peke yake haitoshi. Ukichimba, fukia. Ukipita, pita palipo njia. Ukiharibu, sema, kisha utengeneze. Hiyo ndiyo asante yenyewe."

Ziada aliinama, akaupigapiga udongo kwa kiganja. "Asante," alinong'ona.

Kwa mbali kengele ya shule ikalia. Ziada alishtuka, akakitazama kijia.

"Haya, mke mwenzangu, kimbia," bibi alisema akicheka. "Lakini uzunguke na barabara. Hapa usinikanyagie watoto wangu!"