Inchi za Jacklyne

Mimi sibabaishwi na mtu eti kwa sababu ana mali. Nilimwambia Everline Andati hivyo uso kwa uso, na narudia hapa ili msije mkasema Mama Jacky aliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini sikurudi nyuma.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa nafunga kibanda changu cha ushonaji hapa Makadara, nimpelekee Everline gauni lake jeusi. Pindo lilikuwa limefumuka, nikalirekebisha. Kazi ndogo tu.

Everline ni mtoto wa pekee wa marehemu Andati, karani wa reli aliyeacha magorofa manne. Baba zake wadogo walisema msichana harithi. Akawapeleka kortini, akawashinda wote. Angeweza kuhamia Karen akaishi na matajiri wenzake. Alikataa. Alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la baba yake, akajaza vyumba vitatu kwa magauni ya Paris, yale yanayoshonwa kwa mkono na hakuna la pili. Watu wakinong'ona ati anafuga majini, yeye alikuwa akiwacheka dirishani. Kusema kweli nilimpenda kwa hilo. Alikuwa na miaka sitini na uso wa msichana. Sisi tulisema ni mafuta ya ghali.

Kosa lilikuwa langu. Fundi akikosa mwenye nguo, humvisha aliye karibu ili aone pindo linavyoanguka. Hakuna fundi Eastlands asiyefanya hivyo. Everline hashuki ngazi, basi nilimvisha binti yangu Jacklyne. Dakika tano tu.

"Mathe, hii kitu ni baridi," alisema. "Ni kama imetoka kwa friji."

Wiki mbili zilipita. Jacky akaacha kula. Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, hawakuona kitu. Asubuhi ya Alhamisi hiyo alishindwa kushika kikombe cha chai. Nilikuwa nimempima kiuno nimpunguzie sketi, nikapata inchi ishirini na tatu. Nililia nikiwa nimempa mgongo asinione.

Sasa jioni, kabla sijalifunga gauni kwa shuka, nikalipima. Ni mazoea tu. Daftari langu lilisema liliingia na kiuno cha inchi ishirini na nane.

Ishirini na tatu.

Kiuno sikuwa nimekigusa. Yawa! Nikakaa chini juu ya vitambaa. Halafu nikainuka, nikalibeba, nikapanda zile ngazi bila kupumzika.

Nyumba ya Everline ilinuka dawa ya nondo. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... udongo mbichi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini kutoka vyumba vya ndani nilisikia hariri ikisuguana na hariri.

Shwaa... shwaa...

Everline aliliangalia gauni, akaniangalia mimi. Akanong'ona, "Nani alilivaa?"

"Binti yangu. Anakufa. Niambie hiki ni kitu gani."

"Si mimi niliyemchagua, fundi. Lenyewe hushika aliyelivaa mwisho. Hata Nthambi nilimwonya asilijaribu."

Nthambi ndiye aliyekuwa fundi wake kabla yangu. Tulimzika mwaka juzi. Jeneza lake lilibebwa na watu wawili, na hawakutoka jasho.

"Na wewe unapata nini?"

Akajigusa shavu lile laini.

"Nenda ukae na mtoto wako," akasema polepole. "Hazijabaki siku nyingi."

Aki ya Mungu, hasira niliyoisikia hapo sijawahi kuisikia tena. Kumbe ananiambia nikaketi nimtazame Jacky akiisha! Lakini maneno yake mengine yalikuwa bado masikioni mwangu. Aliyelivaa mwisho.

Nikalichomoa kwenye shuka.

"Fundi, usi..."

Nikalitia kichwani juu ya rinda langu. Mimi ni mwanamke wa kiuno cha inchi arobaini na sita. Nilijua litapasuka vipande vipande. Halikupasuka.

Lilifunguka.

Mshono baada ya mshono, taratibu, likanipisha niingie. Baridi ikanishika hadi kwenye meno. Kisha nikahisi vidole kiunoni. Vidole kumi, kutoka ndani ya kitambaa. Vikanipapasa. Vikasita. Vikanipima upya...

"Vua!" Everline alipiga kelele. "Hiyo ni mali yangu!"

"Nipeleke kortini," nikamwambia. "Si umezoea?"

Nikashuka nalo mwilini, nikipita majirani wakinishangaa kwenye ngazi.

Nyumbani nilimkuta Jacky ameketi kitandani, anakwangua sufuria ya githeri.

"Mathe, njaa inaniua. Na hiyo dress, mbona uko nayo?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Gauni liko ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda changu, na kufuli juu. Mchungaji alisema nilichome. Nilipokaribisha kiberiti kwenye pindo, ngozi ya mguu wangu ikatoa malengelenge. Nikaacha. Najua ningeweza kumvisha mtu mwingine nikapona. Mtoto wa nani, sasa? Sitaki.

Dirisha la Everline halifunguliwi tena. Mwanamke anayempelekea maji anasema alifunguliwa mlango na bibi kizee mwenye mvi, anayetetemeka mikono. Hakumtambua mpaka alipoongea. Everline alimtuma aniambie nimrudishie gauni lake. Nilijibu kwamba ashuke zile ngazi, alifuate mwenyewe.

Wateja wangu wananisifu siku hizi. "Mama Jacky, umepungua! Umependeza! Unakunywa dawa gani?" Natabasamu tu. Kila Jumapili nikitoka kanisani najipima. Arobaini na sita. Arobaini na tatu. Leo ni arobaini kamili, na usiku nasikia kitu ndani ya sanduku kikigeuka.

Kigeuke. Jacky alikuwa amebakiwa na ishirini na tatu tu. Mimi nina arobaini, na ugali uko mezani. Kikija kupima, kitanikuta nakula.