Karatasi ya Sahihi Mbili

Jumamosi moja ya mwaka 1974, sokoni Mbeya, Nyamizi alikuwa amejitwisha cherehani, kitenge chake cha maua ya njano kimemkaa sawasawa, akagongana na kijana wa suti ya kaki.

"Pole, dada. Hiyo cherehani ya kampuni gani?"

"Ya kampuni ya Iyunga, mtaani kwetu," Nyamizi akacheka. "Tumeiunda wenyewe washonaji. Mchoro uko ukutani kwetu, anayetaka ananakili."

Kijana huyo, Silvester, alikuwa fundi wa kampuni ya cherehani kutoka Iringa. Akaitazama vizuri, akakunja uso. "Lakini hiki kifaa cha kushonea matundu ya vifungo ni chetu."

"Nimekinunua."

"Umenunua ruhusa ya kukitumia. Karatasi uliyotia sahihi inasema kifungwe kwenye cherehani yetu tu. Kikiharibika kwenye nyingine, hatukigusi."

"Sikuisoma. Kwetu ukinunua jembe, hawakuulizi mpini umeutoa wapi."

Silvester alicheka mpaka basi likamwacha.

Tangu hapo, kila mwezi alipokuja Mbeya alipitia Iyunga, akakaza skrubu za kifaa kile kwa siri, kampuni isijue. Nyamizi alimchemshia chai ya tangawizi, akamtegea vitendawili.

"Mtoto wangu hali mpaka kwa kijiko cha kwao."

"Kifaa chetu hicho."

"Umejua, mpenzi." Neno lilimtoka tu. Wote wawili wakatazama chai.

Mwezi wa Juni kifaa kikavunjika. Silvester akakichukua kwenda nacho Iringa. Wiki tatu kimya. Nyamizi akaenda posta, akapiga simu kwenye kampuni.

"Silvester wangu, vipi?"

"Ndugu mteja," sauti yake ikajibu, kavu, "kampuni haihudumii cherehani za kujiundia."

Hakujua kwamba meneja alikuwa amesimama begani kwa Silvester. Alirudi nyumbani, akaifunga kwenye gazeti skafu ya sufu aliyopewa na kijana huyo, akamkabidhi kondakta wa basi la Iringa amrudishie. Barua hakuandika. Baridi ya Mbeya ikamshika shingoni.

Siku ya nne Silvester akasimama mlangoni. Hana kaki, amevaa shati la nyumbani, skafu mkononi.

"Kampuni imefika?" Nyamizi hakuinua kichwa.

"Nimeiacha. Siku ile nilimwogopa meneja, nikakuumiza wewe. Nisamehe."

Akafungua mezani kitambaa alichofungia vifaa viwili. "Kile chao hiki, bado kimevunjika. Hiki kingine nimekibuni mwenyewe, kwa mhunzi wa Kihesa, kule Iringa, ndiyo kazi ya wiki zile tatu. Na mchoro wake huu hapa, ubandike ukutani."

Nyamizi akakifunga kile kipya kwenye cherehani, akashona tundu kwenye kipande cha kaniki, akapitisha kifungo. Kikapita. Akakipitisha tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa.

"Leo nategea mimi," Silvester akasema.

"Haya, tega."

"Karatasi yangu inataka sahihi mbili. Ikikosa ya pili, ya kwanza ni bure."

Nyamizi akakiweka kifungo mezani.

"Hati ya ndoa," Nyamizi akasema.

"Umejua."

Nyamizi akaichukua skafu, akajifunga shingoni. "Basi ilete. Ila safari hii nitasoma kwanza, mstari kwa mstari, ndipo nitie sahihi."